Mjerumani, Mswidi au Mfaransa? Gari la mtumba Ulaya na dereva aliyelitangulia

Mpwa wangu anasomea uuguzi katika kijiji cha milimani, kusini mwa Dortmund. Zamu ya asubuhi inaanza saa 12 kamili, basi la kwanza linapita saa 12 na dakika 20, na Jumapili halipiti kabisa. Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Shikamoo, mjomba. Nimedunduliza yuro 9,000. Nataka gari, ila usiniambie Toyota."

"Marahaba. Toyota imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Nimezipanda tangu Tanga, nimezichoka. Nimekuja Ulaya, nataka gari la Ulaya."

Sikubishana naye, ingawa Toyota Yaris zimekuwa zikiundwa Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa, tangu 2001, kwa hiyo hilo "la Ulaya" lina mipaka mipana kuliko anavyodhani. Jioni hiyo akanitumia matangazo matatu: Volkswagen Golf ya 2016, Volvo V40 ya 2014 na Peugeot 308 ya 2016. Bei zinakaribiana, kilometa zinakaribiana, na picha zote zimepigwa gari likiwa limetoka kuoshwa. Achukue lipi?

Sisi tuna namna yetu ya kuyaita magari. Fulani "ana Mjerumani", jirani yake "kauza Mfaransa", na mpita njia hajui kama kinachozungumzwa ni mtu au ni chuma. Nilipokaa kumjibu mpwa wangu nikaona mkanganyiko huo una faida. Anayenunua gari la mtumba ananunua na miaka minane ya mguu wa mtu mwingine juu ya klachi, hasira zake barabarani, uvivu wake wa kubadilisha oili, na sheria za nchi iliyomkaba au kumwachia. Kwa hiyo nikawapima wote wawili, wa chuma na wa nyama.

Mjerumani

Golf ya kizazi cha saba, iliyoanza kuuzwa 2012, ukifunga mlango wake unasikia "dufu" la kabati zito. Bodi haishiki kutu upesi, usukani haulegei, na mkiwa kwenye kilometa 150 kwa saa bado mnazungumza bila kupaza sauti. Barabara ndiyo iliyolizaa hivyo. Sehemu kubwa ya Autobahn, zile barabara kuu za Ujerumani, haina kikomo cha mwendo. Zile kilometa 130 unazosikia ni pendekezo la tangu 1978, haziamrishi mtu. Gari linalouzwa katika nchi ya namna hiyo lazima breki zake, mfumo wake wa kupoza injini na shokapu zake zimhimili mtu aliyeapa kufika Munich kabla ya chakula cha mchana.

Tatizo ni kwamba yupo aliyeapa kweli. Golf ya mwajiriwa wa mauzo, aliyekwenda kilometa 200 kila siku kwa mwendo wa 170, na Golf ya bibi aliyekuwa akienda nayo dukani, kwenye tangazo zinafanana kama mapacha. Watu hukimbilia ya bibi. Mimi ningeanza kuikagua ya mwajiriwa: injini yake ilikuwa inapata joto lake kamili, na oili ilibadilishwa kwa tarehe kwa kuwa kampuni ndiyo iliyolipa. Ya bibi ilizimwa kila baada ya dakika sita, haijapasha hata maji.

Kuhusu injini, usichukue umbeya wa kizazi kimoja ukauhamishia kingine. Injini ya petroli ya 1.4 TSI ya Golf ya zamani ilitumia cheni ya taiming, na cheni hizo zilikuwa zikilegea. Kwenye Golf ya saba injini hiyo ilibuniwa upya, ikawekewa mkanda. Kinachostahili wasiwasi ni giaboksi ya otomatiki ya gia saba, ile yenye klachi kavu mbili. Gari likiondoka kwa kutetemeka kama lina homa, gia ya kwanza kwenda ya pili, mshukuru mwenye nalo na uondoke. Kwa yuro 9,000 chukua la kubadilisha gia kwa mkono.

Dizeli je? Septemba 2015 Volkswagen iliumbuka: magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu iliyotambua kwamba yanapimwa moshi, yakajifanya masafi, kisha yakirudi barabarani yanatema kama kawaida. Dizeli za Golf ya saba zilikuwa na injini ya kizazi kilichofuata. Lakini mpwa wangu anakwenda kilometa 11 kazini na 11 kurudi. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa kuyachoma, na kuyachoma kunahitaji safari ndefu ya moshi wa moto. Kwa kilometa 11 chujio litaziba, na bili yake itamkumbusha ada ya shule. Nikafuta dizeli zote kwenye orodha, za Mjerumani na za wengine.

Mjerumani wa nyama naye nimekaa naye barabarani miaka kumi na mitatu. Anakaa kulia. Akishapita gari la mbele anarudi kulia, na wewe ukibaki kushoto unajitazama kwenye kioo atakuwashia taa mpaka uone aibu. Kupita gari kwa upande wa kulia kwenye barabara kuu ni kosa, na hilo analitii hata akiwa amevimba kwa hasira. Foleni ikikwama, magari ya kushoto yanasogea kushoto, mengine yanasogea kulia, inafunguka njia ya ambulansi katikati. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani rais anapita. Pamoja na ustaarabu wote huo, mtu huyu huyu ambaye ofisini hapazi sauti, ukimbania nafasi ya kuegesha atakutajia ukoo wako wote.

Kinachomsaidia mnunuzi ni kwamba anatunza karatasi. Gari jipya hupelekwa ukaguzi likiwa na miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Watu wote huuita TÜV, hata pale unapofanywa na wakaguzi wengine. Ripoti inaandika kilometa na kila kasoro iliyokutwa. Mwombe muuzaji ripoti mbili za mwisho. Akisema zimepotea, katika nchi ambayo watu wanatunza risiti ya toasta kwa miaka kumi, hilo ni jibu tayari.

Nina kovu la hadithi hii. Gari langu la pili hapa lilikuwa Mjerumani wa jina kubwa, jina nalihifadhi, nililolinunua kwenye yadi ambayo nayo nitaihifadhi. Asubuhi za baridi lilikuwa linagonga kwa sekunde tatu hivi kama kijiko ndani ya bati. Muuzaji akaniambia zote za aina hiyo zinapiga hivyo. Kweli zilikuwa zinapiga hivyo, mpaka cheni inakatika. Yangu ilikatika Januari, na cheni yenyewe ilikuwa imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuifikia tu ni kushusha injini nzima. Nilimaliza majira ya baridi kwa basi.

Mswidi

Uraia wa magari unachekesha. Volvo V40 ya 2014 imeundwa Ghent, Ubelgiji. Mifupa yake ina undugu na Ford Focus. Dizeli yake ndogo ya 1.6 moyo wake ulitoka kwa Peugeot na Citroën. Kampuni yenyewe inamilikiwa na Geely ya China tangu 2010. Mswidi wa makaratasi, kama wengi wetu tulivyo Wajerumani wa makaratasi.

Roho ya nyumbani anayo lakini. Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alibuni mkanda wa usalama wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, na kampuni ikaruhusu wengine wote wautumie bila kulipia. Kila dereva wa daladala anayelazimishwa kuufunga karibu na kituo cha trafiki anafunga wazo la Bohlin. V40 ilipopimwa mwaka 2012 na Euro NCAP, shirika linalogongesha magari ili kupima usalama wake, ilipata nyota tano, na lilikuwa gari la kwanza kuwa na mfuko wa hewa wa nje, unaofumuka chini ya kioo cha mbele kumlinda mwenda kwa miguu.

Hapa nimkate kidogo anayenunua kwa kuhesabu nyota. Nyota zina tarehe. Euro NCAP ilianza kuchapisha matokeo 1997, na kila baada ya miaka michache inakaza masharti. Fiat Grande Punto ilipata nyota tano mwaka 2005. Gari hilo hilo, likiwa bado linauzwa, lilipopimwa tena 2017 lilipata sifuri. Chuma hakikuoza katikati. Mtihani ndio uliokuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo linganisha nyota za mwaka mmoja. Golf ya saba nayo ilipata tano, nayo mwaka 2012, hivyo hapo wanalingana, na Volvo inashinda kwa viti. Kwa mtu anayetoka zamu ya usiku mgongo ukiwa umekwisha, viti vya Mswidi ni nusu ya matibabu.

Hasara zake: buti ni lita 335 tu dhidi ya 380 za Golf, nyuma abiria wanakaa magoti yakigusa kidevu, kioo cha nyuma kidogo kama dirisha la jela, na vipuri ni ghali. Fundi wa mtaani anayemjua Golf usingizini, kwa Volvo anaanza kukuna kichwa. Halafu kama gari lilitokea Uswidi kwenyewe, piga magoti ulitazame uvunguni. Barabara za baridi humwagiwa chumvi, na chumvi haisamehi mabomba ya breki.

Dereva wa Kiswidi ni kiumbe mwingine. Taa zinawaka mchana kweupe, sheria tangu 1977. Barabara nyingi za mikoani zina njia mbili upande huu na moja upande ule, zikibadilishana, na katikati umepita waya wa chuma, ili anayesinzia agonge waya badala ya basi linalokuja. Bunge lao mwaka 1997 liliamua kwamba lengo la taifa ni kufikia vifo sifuri barabarani. Sifuri hawajaifikia. Mwaka 2023 walipoteza watu 22 kwa kila milioni. Wastani wa Umoja wa Ulaya ulikuwa 46, na Bulgaria na Romania zilipita 80. Magari ni yale yale, wengi wanaendesha Golf na Dacia na Škoda. Tofauti hiyo ya mara nne ukiitafuta kwenye bodi ya gari hutaiona.

Kuna jambo jingine la Volvo ambalo vijana hawalipendi: tangu 2020 magari yake mapya yamefungwa yasizidi kilometa 180 kwa saa. Mjerumani mmoja kazini kwangu aliposikia alinuna kama kanyimwa posho.

Mfaransa

Wazee wetu walimjua Mfaransa kabla hawajamjua Mjapani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne, na mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Peugeot 504 ikafuata, ikashinda 1975 na 1978, na ile ya steshenwagoni ikawa matatu ya masafa kule Kenya, watu wamepangwa kama ndizi kwenye mkungu. Babu akikuambia "Pijo" haifi, anasema alichokiona.

Sasa babu asikununulie 308. Kwa starehe, Peugeot hii inawazidi wenzake wawili: inapita juu ya mashimo kama mtumbwi juu ya wimbi dogo, usukani wake mdogo unautazamia kwa juu, na mafuta inanywa kwa adabu. Balaa liko ndani. Injini ya petroli ya 1.2 PureTech ya miaka ile ina mkanda wa taiming unaozunguka ndani ya oili. Mpira na oili chafu havipatani. Mkanda unavimba, unachunika, vipande vinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini inakosa oili huku wewe unaimba na redio. Kampuni mama ililazimika kurefusha dhamana ya tatizo hili hadi miaka 10 au kilometa 175,000, kwa sharti kwamba gari limehudumiwa kama kitabu kinavyotaka. Usinunue moja ya hizo bila fundi kufungua kifuniko cha oili na kuupima upana mkanda kwa kipimo chake. Ni kazi ya dakika tano. Muuzaji akikataa dakika hizo tano, hata akupunguzie 1,000, hujapata punguzo.

Barabarani, Mfaransa hana hofu ya mkwaruzo. Mjini Paris bampa ni kitu cha kusukumia; mtu anaegesha kwa kumgusa wa mbele, kisha wa nyuma, kisha anashuka na mkate wake. Mjerumani angeita polisi. Kwa mnunuzi hii ina maana moja: mikwaruzo ya bampa kwenye gari lililotoka Ufaransa isikutishe, kakague injini. Jihadhari pia na kanuni yao ya kumpisha anayetokea kulia, hata kutoka kichochoro kidogo. Anajitokeza bila kutazama, kwa kuwa sheria iko naye.

Na wamebadilika, hili tuwape. Mwaka 1972 barabara za Ufaransa ziliua zaidi ya watu 16,000. Mwaka 2023 zilikuwa karibu 3,200, na magari yameongezeka mara kadhaa.

Mcheki, aliyeingia kwa mlango wa nyuma

Nilipofika hapa nikamwongezea mpwa wangu gari la nne, Škoda Octavia. Kiwanda cha Mladá Boleslav kina historia ya tangu 1895 na kipo chini ya Volkswagen tangu 1991, kwa hiyo ndani ni Golf ile ile, yenye buti la lita 590. Ukiwa na watoto wawili na mama mkwe, acha kusoma hapa, nenda kaitafute. Mpwa wangu yuko peke yake na mkoba wa sare, hakuihitaji.

Nimemtaja Mcheki kwa sababu nyingine. Hakuna nchi inayojulikana kwa kunywa bia nyingi kwa kila kichwa kama yake, na dereva wa huko anaruhusiwa kilevi kiasi gani? Sifuri.

Glasi

Hapa ndipo Wazungu wanapotofautiana kuliko kwenye vyuma vyao. Kilevi kwenye damu wanakipima kwa promili, takriban gramu moja ndani ya lita moja ya damu. Mcheki, Mslovakia, Mhungaria na Mromania: sifuri. Mswidi, Mnorwe na Mpolandi: 0.2. Mjerumani, Mfaransa, Mwitaliano na wengi waliobaki: 0.5. England na Wales wamekaa kwenye 0.8 tangu 1967. Scotland ilishuka hadi 0.5 Desemba 2014, kwa hiyo mtu anaweza kuvuka mpaka karibu na Berwick akiwa raia mwema, na baada ya kilometa moja akawa mtuhumiwa, bila kuongeza hata tone.

Ujerumani 0.5 inadanganya wageni. Wanadhani chini ya hapo uko salama. Ukiwa na 0.3 na ukayumba, au ukagongana, tayari inaweza kuwa jinai. Ukiwa na 0.5 bila kosa jingine, mara ya kwanza, ni yuro 500, pointi 2 za makosa kwenye rekodi yako ya udereva na mwezi mmoja bila leseni. Kwenye 1.1 ni jinai hata kama uliendesha kama malaika. Kwenye 1.6 hurudishiwi leseni mpaka upite uchunguzi wa afya na akili ambao Wajerumani wenyewe wameupachika jina la mtihani wa wajinga. Baiskeli haikuokoi, nayo ina kikomo chake hicho hicho cha 1.6.

Na mpwa wangu hata hiyo 0.5 haimhusu. Aliye chini ya miaka 21, au aliye ndani ya miaka miwili ya majaribio ya leseni, kikomo chake ni sifuri. Leseni yake ina miezi saba. Akikutwa na kilevi ni yuro 250, pointi 1, semina ya kulipia, na majaribio yanarefushwa hadi miaka minne.

"Mimi sinywi sana, mjomba," akasema. Nikamwambia tupige hesabu. Bia nusu lita ya asilimia 5 ina gramu kama 20 za kilevi. Mwanamume wa kilo 80 inampeleka karibu na theluthi ya promili. Mwanamke wa kilo 60, glasi hiyo moja inamkaribisha kwenye nusu. Ini halina haraka: linapunguza kati ya 0.1 na 0.15 kwa saa, na kahawa, ndimu, kuoga maji baridi, supu ya pweza, vyote havilisukumi. Sherehe ya Jumamosi ikakuacha na 1.2 saa 6 usiku, ukalala, ukaamka umependeza, ukawasha gari saa 11 na nusu alfajiri kuwahi zamu: bado unayo kati ya 0.4 na 0.65. Wengi wetu tunaokamatwa huku hukamatwa hivyo, tumepiga mswaki, tumevaa sare.

Tabia zao za glasi nazo si moja. Mfaransa sheria yake ya kazi bado inaruhusu mvinyo, bia na sida (kinywaji cha matofaa yaliyochachushwa) mahali pa kazi, na wakati huo huo tangu Julai 2021 duka linalouza pombe ya kubeba lazima liuze na vifaa vya kujipima pumzi. Kuna kipindi walimtaka kila dereva abebe kifaa hicho garini. Sharti lilianza 2012 bila adhabu yoyote, likafutwa 2020, watu wengi wakiwa hawajawahi kukinunua. Mswidi pombe kali anainunua kwenye maduka ya serikali yanayofungwa mapema, na baadhi ya bandari zimewahi kumwekea dereva anayeshuka na gari kutoka kwenye feri kizuizi na kifaa cha kupuliza. Poland tangu Machi 2024 aliyefikia 1.5 anaweza kunyang'anywa gari lenyewe. Latvia wao waliona mbali zaidi: magari waliyowanyang'anya walevi wakaanza mwaka 2023 kuyapeleka Ukraine.

Mjerumani anakunywa hadharani, bila kificho, kisha anamhukumu vikali mwenzake aliyekamatwa. Februari 2010 askofu Margot Käßmann, aliyekuwa kiongozi wa Waprotestanti wa nchi nzima, alipita taa nyekundu mjini Hannover akiwa na promili 1.54. Siku nne baadaye alijiuzulu nyadhifa zote mbili. Sijasahau jinsi wenzangu kazini walivyolijadili: waliolaumu glasi walikuwa wachache, waliolaumu kushika ufunguo walikuwa meza nzima.

Gari lenyewe halijaweza kumzuia mlevi, bado. Kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 lazima liwe na onyo la kusinzia, kifaa cha kumkumbusha dereva kikomo cha mwendo, na nafasi iliyoandaliwa kwa ajili ya kufungia kidude cha kupuliza kabla injini haijawaka. Nafasi tu, kidude hakimo. Tume ya Ulaya inakadiria kwamba kilevi kinahusika katika robo ya vifo vyote barabarani. Magari ya 2014 na 2016 anayoyatazama mpwa wangu hayana hata nafasi.

Kama una mpango wa kulipeleka nyumbani

Aliniuliza hilo pia. Jibu ni fupi. Usukani wa magari ya bara la Ulaya uko kushoto. Kwa Lubumbashi, Bujumbura na Kigali uko upande wake. Kwa Tanga na Mombasa jaribu kulipita lori la mbao kati ya Segera na Chalinze ukiwa umekaa upande wa majani, abiria ndiye anayekuchungulilia. Anayetaka Mjerumani wa kupeleka Kenya au Tanzania amtafute Uingereza, na kwa Kenya ahesabu miaka: gari lililopita miaka 8 haliingii.

Alichochukua

Hukumu yangu niliitoa hivi. Anayesafiri masafa marefu na mgongo mbovu, Volvo, ya petroli, ikiwa na karatasi. Anayezunguka mjini na kupenda starehe, Peugeot, mkanda ukishapimwa. Mwenye familia, Octavia. Kwa kilometa 11 za milimani, fundi mmoja tu kijijini, na leseni ya miezi saba, Golf ya petroli ya gia za mkono. Na katika hizo Golf, ile ambayo naweza kumwona aliyeiendesha.

Ile ya kwenye tangazo ilikuwa ya yadi, ripoti "zimepotea". Tukapata nyingine, ya mzee mstaafu upande wa pili wa bonde, anayeiuza kwa sababu macho yamemwishia. Mzee akatoa daftari la shule la karatasi za miraba. Ndani yake kila ujazaji wa mafuta tangu 2016, tarehe, lita, kilometa, bei. Kila oili. Kila tairi, na ilitokea upande gani ukahamia upande gani. Kwenye ukurasa mmoja wa 2019 ameandika kwamba mke wake aligusa nguzo ya geti kwa kurudi nyuma, akachora na mchoro mdogo wa mkwaruzo. Tukazunguka nyuma ya gari. Mkwaruzo upo, pale pale alipouchora.

Tulikubaliana 8,400. Mzee akafurahi, akaingia ndani, akarudi na chupa tatu za bia zenye ubaridi wa kutoa jasho. Kwa mwanamke, akasema, amemletea isiyo na kilevi. Mpwa wangu akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaisoma kibandiko. Bia inayoitwa haina kilevi kwa sheria ya hapa inaweza kuwa nacho hadi asilimia 0.5, na hiyo ndiyo iliyoandikwa. Haimleweshi mtu, mzee alimhakikishia, na alikuwa anasema kweli. Akashukuru, akaiweka juu ya kibaraza, akaomba maji ya bomba. Kisha akaingia garini, akasogeza kiti mbele hatua nne, akaanza kukiinua kioo ambacho kwa miaka minane kilikuwa kimepimwa kwa urefu wa mtu mwingine.